Nani akusanye senti? Historia ya mitandao iliyojaribu kuishi bila matangazo

Mwezi wa sita mwaka 2025 kampuni ya Meta ilitangaza kwamba WhatsApp itaanza kuonyesha matangazo ya biashara. Yanawekwa karibu na statut, pale watu wanapoweka picha na maneno ya siku. Mazungumzo yenyewe hayakuguswa. Hata hivyo ni mabadiliko makubwa. Mwaka 2012 waanzilishi wa WhatsApp waliandika hadharani kwa nini wanakataa kuuza matangazo, na kwa miaka mingi neno hilo lilishikwa.

Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu, Uvira au Lubumbashi, WhatsApp ni simu, ni barua, ni soko na ni kengele ya hatari. Humo familia zinatangaza matanga. Humo mama wauza sambaza wanaulizana bei kabla jua halijatoka, na vijana wa mtaa wanaambiana ni njia gani leo haipitiki. Chombo cha namna hiyo kinapobadilisha chakula chake, wanaokitumia wana haki ya kuuliza: je, kulikuwa na njia nyingine?

Kulikuwa nazo, na si moja. Kuna mitandao iliyoishi kwa dakika za simu, mingine kwa nguo za picha, mingine kwa dola moja ya mwaka, mingine kwa michango. Ukiipanga mstari mmoja kuanzia miaka ya 1980, swali moja linarudi kila mahali. Watu wako tayari kulipa pesa ndogo. Lakini nani ana mkono wa kuzikusanya, na mkono huo unabakiza kiasi gani?

Ufaransa: saa inahesabu

Kabla ya intaneti kufika majumbani, Wafaransa walikuwa na Minitel. Kilikuwa kisanduku chenye kioo kidogo na vibonye vya kuandikia, kilichounganishwa na waya wa simu ya nyumbani. Kuanzia mwaka 1982 idara ya posta na simu ya serikali ilikigawa bure kwa wateja wake, ili watafute humo namba za simu badala ya kuchapishiwa kitabu kikubwa kila mwaka.

Kazi ya namba za simu haikuwa ndiyo iliyowavuta watu zaidi. Huko Strasbourg, katika huduma iliyoitwa Gretel, mali ya gazeti la mji ule, watu walianza kuandikiana wao kwa wao. Desturi hiyo ilienea nchi nzima. Mtu asiyemjua mwenzake, akiwa amejificha nyuma ya jina la bandia, alizungumza naye usiku kucha kwa maandishi. Kwa maneno ya leo, huo ulikuwa mtandao wa kijamii.

Pesa zilipatikana kwa mpango ulioanza mwaka 1984 na kuitwa Kiosque. Mteja alipiga 3615, akaandika jina la huduma, na saa ikaanza kuhesabu. Mwisho wa mwezi bei ya dakika zote ilionekana kwenye fakture ya simu pamoja na mazungumzo ya kawaida. Idara ya simu ilibakiza sehemu yake na kumpa mwenye huduma iliyobaki. Mteja hakuhitaji karata ya benki wala kujiandikisha popote. Mkusanyaji alikuwa tayari nyumbani, juu ya meza, mwenye waya.

Mpango huo ulitajirisha watu. Xavier Niel, anayejulikana leo kama mwanzilishi wa kampuni ya Free, alipata pesa zake za kwanza katika huduma za Minitel, zikiwemo zile za mazungumzo ya mapenzi zilizoitwa "rose". Lakini ulikuwa na ubaya wake. Kama dakika ndiyo inayolipwa, mwenye huduma anataka mteja asiondoke. Baadhi yao waliajiri watu wa kukaa kwenye kibodi na kujifanya wanawake wanaotafuta mchumba, ili wanaume waendelee kuandika. Familia nyingine zilishtuka kuona fakture ya mwezi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mtandao usio na matangazo ni safi kwa sababu hiyo tu. Kila njia ya kulipwa inamsukuma mwenye mtandao upande fulani.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 vilikuwepo visanduku karibu milioni 9. Intaneti ilivila pole pole, na Minitel ilifungwa tarehe 30 mwezi wa sita 2012.

China na Korea: nguo za picha na tunda la mti

Mwaka 1998, katika mji wa Shenzhen kusini mwa China, Ma Huateng na wenzake walianzisha kampuni ya Tencent. Mwaka uliofuata walitoa programu ya kuandikiana kwenye kompyuta, ambayo baadaye iliitwa QQ. Watu waliimiminikia kwa mamilioni, na hapo ndipo taabu ilipoanza: kila mtu mpya aliongeza gharama ya mashine, na hakuna aliyelipa. Waanzilishi walijaribu kuiuza. Waliofika kununua walitaja bei ndogo. Mwaka 2001 kampuni ya Naspers ya Afrika Kusini ilinunua karibu nusu ya hisa kwa dola milioni 30 na kitu. Ununuzi huo ukawa kati ya ile iliyoleta faida kubwa kuliko yote katika historia ya biashara.

Kilichoiokoa Tencent ni kampuni ya simu. China Mobile ilikuwa imeanzisha mpango ulioruhusu huduma ndogo kulipiwa kupitia simu ya mkononi. Mteja wa QQ aliyetaka kupokea ujumbe wa rafiki yake kwenye simu alikatwa pesa kidogo, China Mobile ikabakiza asilimia 15 hivi, na iliyobaki ikaenda kwa Tencent na wengine wenye huduma. Hesabu hiyo inastahili kukumbukwa: mkusanyaji alichukua sehemu ndogo, mwenye kazi akachukua kubwa.

Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi. Mwaka 2003 Tencent ilianza kuuza nguo za picha. Kila mwenye QQ alikuwa na mwanasesere wake kwenye kioo, na aliyetaka avae koti zuri, miwani au viatu vipya alilipa kwa Q coin, pesa ya ndani ya mtandao, yenye thamani ya yuan moja. Mwanasesere wa bure alibaki na nguo za kawaida. Kijana ambaye asingetoa yuan moja kwa ajili ya kuandika ujumbe aliitoa ili asionekane maskini mbele ya wenzake.

Wazo hilo lilitoka Korea Kusini, ambako mtandao wa Cyworld uliuza vitu vya namna hiyo kwa kipimo kilichoitwa dotori, jina la tunda dogo la mti wa mwaloni. Dotori moja ilikuwa won 100. Watu walinunua kwayo viti, rangi za ukuta na muziki wa kupamba chumba chao cha kwenye kioo, na waliwatumia marafiki kama zawadi.

Tencent iliingia kwenye soko la hisa la Hong Kong mwaka 2004, na kwa miaka mingi matangazo yalikuwa sehemu ndogo ya mapato yake. Mwaka 2011 ilitoa WeChat. Mwaka 2014, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, iliruhusu watu kutumiana ndani ya WeChat ile bahasha nyekundu ya pesa ambayo wazee huwapa watoto. Mila ya kale iliingia kwenye simu, na mamilioni ya watu wakaunganisha akaunti zao za benki na mtandao. Tangu hapo malipo yenyewe yakawa biashara.

Afrika Kusini: Moola

Afrika nayo ilikuwa na mtandao wake. Katika mji wa Stellenbosch, Herman Heunis alitengeneza Mxit, programu iliyofanya kazi kwenye simu ndogo za bei nafuu. Katikati ya miaka ya 2000 SMS moja Afrika Kusini ililipiwa senti nyingi za rand. Ujumbe wa Mxit, kwa kuwa ulipita kwenye intaneti ya simu, ulilipiwa senti moja au mbili. Wanafunzi waliikimbilia, na walioandikishwa walifika mamilioni mengi.

Kuandikiana na rafiki hakukuwa na bei ya Mxit. Vyumba vya mazungumzo ya watu wengi, michezo na mapambo vililipiwa kwa Moola. Moola moja ilikuwa senti moja ya rand, na ilinunuliwa kwa kutuma SMS, yaani kwa unité zilizokuwa tayari kwenye simu. Mtoto asiye na benki, ambaye hata mzazi wake hana benki, aliweza kununua.

Matangazo yalikuwemo pia, lakini Moola ilionyesha kwamba maskini hulipa kama bei ni ya senti na njia ya kulipa iko mkononi. Udhaifu ulikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Mxit haikumiliki mitambo ya simu. Kampuni za simu zilikata sehemu yao kwanza. Simu kubwa za kugusa zilipoenea na WhatsApp ikafika, vijana walihama. Mwaka 2015 Mxit ilifunga.

Dola moja ya WhatsApp

Jan Koum alizaliwa Ukraine na kuhamia Marekani na mama yake akiwa na miaka 16. Huko walipanga mstari kupata msaada wa chakula. Brian Acton alikuwa mwenzake kazini Yahoo, kampuni iliyoishi kwa matangazo. Wote wawili walitoka humo wamechoka na kazi hiyo. Mwaka 2009 walianzisha WhatsApp, na bei waliyochagua ilikuwa fupi kama jina la mtoto: mwaka wa kwanza bure, kisha senti 99 za dola kwa mwaka.

Mwezi wa pili 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Wakati huo watu milioni 450 waliitumia kila mwezi, na wafanyakazi wake walikuwa 55 tu. Ukizidisha watu hao kwa dola moja, unapata karibu dola milioni 450 kwa mwaka, kiasi kinachotosha kabisa kulisha wafanyakazi 55 na mashine zao. Lakini mapato halisi ya mwaka 2013 yalikuwa dola milioni 10 na laki mbili. Zilizobaki hazikuwahi kukusanywa.

Sababu ilielezwa na WhatsApp yenyewe mwezi wa kwanza 2016, ilipofuta ada hiyo: watumiaji wengi hawana karata ya benki, na waliogopa kwamba mwaka wa bure ukiisha watakatiwa mawasiliano na ndugu zao. Sentensi hiyo inamhusu moja kwa moja mtu wa Kadutu au wa Birere. Dola moja kwa mwaka haikuwa imemshinda. Alikosa tundu la kuipitishia.

Acton alieleza mwaka 2018, katika mahojiano na jarida la Forbes, kwamba alipendekeza njia ya kati: ujumbe mwingi uwe bure, na anayepita kiwango kikubwa alipe sehemu ndogo ya senti. Wakubwa wa Facebook hawakuikubali. Waliona haiwezi kukua vya kutosha. Acton aliondoka mwaka 2017, akiacha mamia ya mamilioni ya dola ambayo angelipwa kama angevumilia. Koum aliondoka mwaka 2018.

Baada ya hapo WhatsApp ilipata njia nyingine isiyo ya matangazo: tangu 2018, benki, mashirika ya ndege na makampuni mengine makubwa yanalipa ili kuwaandikia wateja wao kwa wingi. Mwananchi anaandika bure, kampuni inalipa. Njia hiyo ingali inafanya kazi. Meta iliona haitoshi, na matangazo ya 2025 yakaja juu yake.

Wanaolipa wachache, na wanaochanga

Wakati WhatsApp inalipisha senti 99, Dalton Caldwell wa California alijaribu bei ya juu. Mwaka 2012 alianzisha App.net, mtandao usio na matangazo wa dola 50 kwa mwaka. Aliomba wanaoamini watangulize dola laki 5, na walitoa zaidi. Kisha ikaonekana kwamba waliojiunga ni watu wa kazi za kompyuta, wanaongea wao kwa wao. Shangazi zao na wanafunzi wenzao hawakuwamo. Mtandao una thamani kwa sababu ya waliomo, na bei ya mlango ikiwa kubwa inawafungia nje wale wale wanaotafutwa. App.net iliwaachisha kazi wafanyakazi wake mwaka 2014, ikafungwa kabisa 2017.

Telegram tangu 2022, na Meta huko Ulaya tangu 2023, zimejaribu kuweka ada kwa wanaotaka tu, wengine wakibaki bure. Bei ya Ulaya ya mwaka 2023, euro 10 au 13 kwa mwezi, ilitosha kuonyesha kwamba haikupangwa kwa ajili ya wengi.

Signal ilichukua barabara ya michango. Mwaka 2018 Acton aliyetoka Facebook aliweka dola milioni 50 kuanzisha shirika lisilo la faida la kuitunza. Haina matangazo na haiuzi habari za watu. Lakini mwaka 2023 ilipofungua vitabu vyake vya hesabu, ilionekana kwamba gharama zinaelekea dola milioni 50 kwa mwaka, na kati ya hizo karibu milioni 6 zilikwenda kwenye kutuma zile SMS za namba ya siri ambazo mtu hupokea anapojiandikisha. Yaani hata mtandao unaoishi kwa sadaka unalipa ushuru kwenye mlango wa kampuni za simu.

Kongo inalipa tayari

Mtu wa Kongo anayesema mitandao ni ya bure asogee kwenye mwavuli wowote wa muuza unité barabarani. Kila asubuhi watu wananunua mega, na wengi wanazinunua kwa ajili ya WhatsApp na Facebook. Katika pesa hizo, mwenye mtandao hapati hata franga moja. Zinabaki kwa kampuni ya simu na kwa kodi za serikali. Mwenye mtandao, kwa kuwa hayumo kwenye hesabu, anajilipa kwa kuuza macho ya mteja huyo huyo. Mteja analipa mara mbili.

Na mkono wa kukusanya senti upo. M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zinatumika pia. Ile sababu iliyofuta dola ya WhatsApp mwaka 2016, kukosa karata ya benki, kwa watu wengi wa mashariki ilikuwa tayari na dawa yake, lakini WhatsApp haikupanga kukusanya kwa njia hiyo.

Waliouona mkono huo upesi ni watoza kodi. Uganda, kuanzia mwezi wa saba 2018, ilidai shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia kwenye mitandao ya kijamii, zilipwe kwa pesa za simu. Wengine walilipa, wengine wakajificha nyuma ya VPN, wengine wakaacha. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 juu ya mega. Kongo nayo ilikuwa na RAM, daftari la simu za mkononi lililoanzishwa mwaka 2020. Pesa zake zilikatwa moja kwa moja kwenye unité za watu, wengi wakigundua baada ya kukatwa. Kelele zilipanda, kutoka barabarani mpaka bungeni, na mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ilifutwa.

RAM inakumbukwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki. Lakini ndani yake kuna ushahidi ambao watengenezaji wa programu wa Goma na Lubumbashi wangeweza kuusoma upya. Ilionyesha kwamba pesa ndogo ndogo zinaweza kukusanywa kwa mamilioni ya simu, bila benki wala karata. Ilionyesha pia kwamba watu wakikatwa bila kuulizwa, na bila kujua pesa zimekwenda wapi, hawatavumilia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtandao wa watu laki moja, kila mmoja akitoa franga 200 kwa mwezi, unaingiza franga milioni 20. Mkusanyaji akibakiza asilimia 15 kama China Mobile ya zamani, milioni 17 zinabaki za mashine na za wafanyakazi. Akibakiza nusu, zinabaki milioni 10, na huenda mtandao ukafa kabla ya mwaka. Tofauti hiyo huamuliwa kwenye meza ya kampuni za simu na ofisi ya serikali inayozisimamia, na huko ndiko swali la matangazo linapopaswa kupelekwa.

Neno la mwisho liko mikononi mwa watu wenyewe, na wanalijua kwa njia ya likelemba. Sokoni, mama asiyemwamini mkopeshaji hutoa mchango wake kila juma bila kukosa, kwa sababu anajua kiasi gani, anajua zamu ya nani, na anajua nyumbani kwa yule anayeshika sanduku. Mitandao mingi iliyotajwa hapa haikuwahi kumpa mteja wake mambo hayo matatu. Itakayompa inaweza kumwomba franga zake. Ile isiyompa itaendelea kuuza macho yake.